Freretown: Kijiji cha Kengele Ng'ambo ya Mombasa

Mtu atokaye kisiwani Mombasa kwenda upande wa Malindi hupita juu ya daraja la Nyali, naye akiisha kuvuka huingia mara moja katika mtaa wenye maduka, vituo vya petroli na magari yaendayo mbio huku na huku. Asipoambiwa, hawezi kujua ya kuwa anapita katikati ya kijiji. Utingo wa matatu ndiye amkumbushaye, kwa maana hupaza sauti, "Kengeleni! Kengeleni!" na abiria wakashuka kwenye njia panda. Hapo, karibu kabisa na barabara, pana jengo dogo la mawe ambamo imetundikwa kengele ya zamani. Wengi wa hao washukao kila siku hawainui hata macho kuitazama. Lakini kengele hiyo ndiyo iliyopapa mahali hapo jina lake, na kijiji kilichokuwa kikiamshwa nayo kinaitwa Freretown.

Si kijiji kikubwa, wala hakikuwa kikubwa wakati wo wote. Kimekaa upande wa bara, kaskazini ya kisiwa, kati ya Nyali yenye majumba ya fahari na bustani, Kongowea yenye soko kubwa la vyakula, na Kisauni yenye watu wengi wasiohesabika kwa urahisi. Aliyesimama ufukoni upande huo huiona Mombasa ya kale ng'ambo ya maji, karibu kiasi cha kudhani kwamba akiita ataitikiwa. Karibu huko ndiko alikozikwa mke wa Dakta Krapf, aliyefariki mwezi wa Julai 1844 pamoja na mtoto wao mchanga, muda mfupi baada ya kufika Mombasa. Kwa hiyo kaburi lilitangulia, na kijiji kikafuata miaka 30 baadaye.

Pwani ya Kenya ina miji na vijiji vingi vya zamani, na karibu kila kimoja kina wahenga wake. Wamijikenda wana kaya zao, na wazee wao huweza kusimulia njia waliyopita babu zao. Waswahili wa Mvita wana mataifa yao kumi na mawili, na kila taifa lajua mtaa wake. Freretown haina habari ya namna hiyo. Wazee wake wa kwanza hawakutoka mahali pamoja, hawakusema lugha moja, na hawakuja kwa kupenda. Waliletwa na manowari.

Habari zenyewe ni hizi. Mwaka wa 1873 Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwenda Unguja kuzungumza na Seyyid Barghash juu ya biashara ya watumwa. Seyyid alikataa kwanza, lakini mwezi wa Juni mwaka huo huo, kwa kushurutishwa na Balozi John Kirk, alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza wasipakiwe tena katika vyombo vya baharini. Baada ya hapo manowari za Waingereza zikawa na kazi kubwa ya kuzunguka baharini na kuyasimamisha majahazi yaliyochukua watu kwa siri. Ndipo likazuka swali ambalo mkataba haukulijibu: watu hao wakiisha kuokolewa, watapelekwa wapi? Mtoto aliyechukuliwa karibu na ziwa Nyasa, akapitishwa porini kwa miezi mingi akiwa amefungwa, hawezi kuonyesha kwao ni wapi, na hata akiweza, njia ya kurudi ni ile ile iliyojaa wawindaji wa watu.

Misheni ya C.M.S. ilikubali kuwapokea. Padre William Salter Price, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwatunza Waafrika waliookolewa baharini na kupelekwa Nasik katika Bara Hindi, alifika Mombasa mwishoni mwa mwaka 1874, akanunua ardhi ng'ambo ya kisiwa, na mahali hapo pakaitwa kwa jina la Frere. Mwaka wa 1875 manowari zikaanza kuleta watu. Wengi wao walikuwa vijana na watoto. Walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wa mataifa mengi ya kusini. Watu wa pwani waliwaita mateka. Walipewa nguo, chakula cha kuanzia, mahali pa kujenga vibanda vya makuti, na kipande cha kulima.

Kabla yao walikuwako wengine, na jambo hili yafaa lielezwe, kwa sababu mara nyingi husahauliwa. Nao ni wale Waafrika waliolelewa Nasik. Hao nao walikuwa wameokolewa katika majahazi walipokuwa watoto, lakini walikuwa wamesoma, wakajifunza useremala, uhunzi na kazi nyingine za mikono, na wengi walisema Kiingereza. Baadhi yao, kama William Jones na Ishmael Semler, walikuwa wamekuja Rabai tangu mwaka 1864. Mwingine alikuwa Matthew Wellington, Myao kwa kuzaliwa, aliyefuatana na Dakta Livingstone katika safari yake ya mwisho, naye alikuwa miongoni mwa wale waliouchukua mwili wa bwana huyo kutoka bara hadi pwani baada ya kifo chake mwaka 1873. Baadaye alikuja kuishi Freretown, naye alifariki Mombasa mwaka 1935 akiwa mzee sana. Kwa hiyo hata katika siku zetu wangaliweza kuwako watu ambao babu zao walimpa mkono mtu aliyeuchukua mwili wa Livingstone.

Watu wa Nasik ndio waliokuwa walimu, mafundi na wakalimani wa kijiji. Kati yao na mateka hakukuwa na usawa. Mmoja alivaa suruali na kusoma Biblia ya Kiingereza. Mwingine hakujua hata jina la bahari aliyoivuka. Tena watu wa Nasik wenyewe walinung'unika kwamba walifanya kazi kubwa na kulipwa ujira mdogo kuliko Wazungu waliokuja nyuma yao. Lakini taratibu watoto wa pande zote mbili wakaketi katika benchi moja, wakaoana, na kuzaa watoto ambao lugha yao ya kwanza ilikuwa Kiswahili cha Mvita. Kiyao na Kimakua vikabaki vinywani mwa wazee, na wazee walipokufa vikafa nao.

Sasa turudi kwenye kengele. Siku hizi kengele ya Misheni huwaita watu kusali au kwenda darasani, na hiyo nayo ilifanya kazi hizo. Lakini sababu iliyotajwa zaidi na wenyeji ni nyingine: ilipigwa kuwaonya watu kwamba hatari inakuja. Freretown ilikuwa mbele ya macho ya mji ambao watu wake wakubwa walikuwa bado na watumwa mashambani, tena kwa halali, kwa maana mkataba wa 1873 ulikataza biashara ya baharini tu. Haukumfungua mtumwa aliyekwisha kuwa katika shamba la bwana wake. Mtumwa wa Mombasa au wa Takaungu aliwaza hivi: ikiwa wale ng'ambo wako huru, kwa nini mimi nisivuke? Wakaanza kutoroka, usiku kwa usiku, wakakimbilia Freretown na Rabai. Wenye watumwa wakakasirika. Mwaka 1880 habari zilienea kwamba wangekuja kukichoma kijiji, na watu wakakesha wakiwa na silaha. Hawakuja. Lakini yeyote aliyekuwa amepata kuwindwa mara moja katika maisha yake alijua maana ya kulala na kusikiliza kengele.

Haitakuwa haki kusimulia kana kwamba hatari yote ilitoka nje. Katika miaka hiyo hiyo ilijulikana ya kuwa watu wa Freretown walikuwa wakipigwa viboko na kutiwa kifungoni na msimamizi wa kijiji kwa makosa madogo, mpaka mambo hayo yakafika Uingereza na kuleta aibu kubwa, na Padre Price akaombwa arudi kuyatengeneza. Watu waliofunguliwa minyororo jahazini hawakutazamia kuona viboko kanisani. Wazee wa wakati ule hawakuacha maandiko mengi, na twaweza tu kukisia walivyosemezana usiku nyumbani mwao.

Habari ya watoro ilimalizika kwa fedha. Kampuni ya Waingereza iliyokuwa imeanza kutawala pwani ilikubali kuwalipa mabwana, na tarehe 1 Januari 1889, Rabai, watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika vituo vya Misheni wakapewa hati za uhuru. Mtu alishika mkononi karatasi yenye kuonyesha kwamba yeye ni wake mwenyewe. Utumwa wenyewe haukukoma kuwa jambo la sheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907.

Kanisa la Emmanuel, lililojengwa katika miaka ya 1880, lingali linasimama, nalo ni miongoni mwa makanisa ya zamani sana katika nchi hii. Askofu Hannington alifika Freretown mwanzo wa mwaka 1885. Mwaka huo aliwawekea mikono Jones na Semler kuwa mashemasi, na baada ya miezi michache akaondoka kwenda Uganda kwa njia ya Umasaini, Jones akiwa pamoja naye. Askofu aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba. Jones ndiye aliyewakusanya wapagazi waliosalia na kuwarudisha pwani, safari ya mamia ya maili, naye ni mtu aliyewahi kuuzwa akiwa mtoto. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya askofu yule, na haki yake. Juu ya Jones vimeandikwa vichache mno.

Kijiji hiki kilipata sifa hasa kwa shule zake. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, Serikali na kampuni zilitafuta watu wajuao kusoma, kuandika na kufasiri, na wakati ule watu wa namna hiyo hawakuwa wengi. Vijana wa Freretown waliondoka mmoja mmoja, wakawa makarani, wapiga simu na walimu. Wengine walitumwa na Misheni kwenda Taita, Uchagani na hata Ukikuyu. Iko mahali pengi bara ambapo Mwafrika wa kwanza kuandika a, e, i, o, u ubaoni alikuwa mtu wa pwani ambaye babu yake alitoka Nyasa. Tena chuo cha kuwafundisha wachungaji kilianzishwa Freretown mwaka 1903. Kilihamishiwa Limuru mwaka 1930, nacho leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's, ambacho kilipata hati yake ya chuo kikuu mwaka 2007. Si wengi wa wanafunzi wa kule kwenye baridi na mashamba ya chai wajuao kwamba chuo chao kilizaliwa kwenye joto na minazi.

Hata katika vitabu kijiji kina fungu lake. James Mbotela, mwalimu na mtoto wa kijiji hiki, alitunga kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichopigwa chapa mwaka 1934. Humo alisimulia mambo aliyoyasikia kwa wazee, baba yake mwenyewe akiwa mmoja wao: jinsi walivyotekwa, walivyopakiwa, na walivyofunguliwa. Wenye elimu wengine wamekilaumu kitabu hicho kwa kuwasifu mno Waingereza na kuwasema vibaya Waarabu, na lawama hiyo ina msingi. Hata hivyo wahenga waliokuwa mateka hawakuwa na mwandishi mwingine ila mtoto wao, na bila yeye tungekuwa na taarifa za manahodha na mapadre tu. Wa ukoo huo huo alikuwa Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Freretown mwaka 1940. Wakenya walimsikia redioni kwa miaka mingi akiuliza, "Je, huu ni ungwana?" Alifariki mwezi wa Februari 2025. Neno hilo ungwana, likitoka kinywani mwa mjukuu wa mateka, lina uzito wake, maana zamani pwani mwungwana alikuwa ni yule asiyekuwa mtumwa.

Msomaji aliye mkulima pengine atauliza juu ya ardhi. Udongo wa huko ni wa mchanga juu ya jabali la matumbawe, wafaa mihogo, miembe, mikanju na zaidi ya yote minazi. Mnazi wa kienyeji hauzai mpaka upite miaka sita au saba, na kwa hiyo mtu hapandi mnazi mahali asipokusudia kukaa. Watu wa Freretown walipanda. Lakini ardhi ilikuwa imenunuliwa kwa jina la Misheni, wala si kwa jina la wale walioilima. Mwaka 1908 Serikali ilitoa sheria iliyowataka wenye madai ya ardhi ya pwani waje kuandikisha, na ardhi isiyodaiwa na mtu ikawa mali ya Serikali. Mwenye hati alikwenda na hati yake. Aliyekuwa na mnazi tu, hakuwa na cha kuonyesha.

Pwani ina desturi yake katika jambo hili, na mtu wa bara huiona ngeni. Mti waweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi chini yake ikawa ya mwingine. Vivyo hivyo nyumba. Katika Majengo, Kisauni na mitaa mingine ya Mombasa ziko nyumba nyingi mno ambazo mwenyewe alizijenga kwa fedha yake, akazipaka chokaa, akawaozea binti zake humo, naye kila mwezi humlipa mtu mwingine kodi ya uwanja. Siku mwenye uwanja akitaka kuuza, mwenye nyumba hana ila mawe na mabati. Maadamu maji yaliitenga bara na kisiwa, desturi hiyo haikuwatisha watu sana, kwani nani angetaka kununua pori la ng'ambo?

Mambo yalibadilika polepole. Zamani aliyetaka kwenda mjini alivushwa kwa mashua, na kama pepo ni kali alingoja. Mwaka 1931 likafunguliwa daraja la kuelea, na kila apitaye na gari alitozwa ushuru. Wenye kujiweza walianza kujenga Nyali karibu na ufuko. Mwaka 1980 likaja daraja la sasa, la saruji, lenye njia sita, na tangu siku hiyo Freretown imekuwa sehemu ya mji, apende mtu asipende. Katika mpango wa Serikali wa leo Freretown ni wadi moja ya jimbo la Nyali katika Kaunti ya Mombasa. Bei ya kiwanja imepanda kiasi ambacho waliopanda ile minazi wasingekisadiki. Magorofa ya kupangisha yamesimama palipokuwa na mihogo, na mnazi ukianguka, aghalabu haupandwi mwingine.

Pamoja na hayo, kijiji kina faida ambazo vijiji vingi vya mbali havina. Mtu huweza kufanya kazi bandarini na kurudi kula chakula cha jioni kwake. Mama mwenye genge hununua nyanya Kongowea alfajiri, malori ya bara yakiwa bado yanashusha mizigo, na kabla ya saa mbili amekwisha kuzipanga mafungu mbele ya nyumba. Watoto wana shule karibu. Ubaya wake ni maji ya bomba yasiyotoka kila siku, msongamano wa magari darajani asubuhi na jioni, na vijana wengi wasio na kazi ambao hukaa barazani mchana kutwa.

Liko jambo jingine linalowagusa wazee zaidi ya maji na magari. Katika nchi hii mtu akikutana na mwenzake haichukui muda kabla ya kuulizwa, "Kwenu ni wapi?" Mtu wa Nyeri au wa Kisii hajui uzito wa swali hilo, maana jibu lake liko tayari. Mtu wa Freretown akisema yeye ni Myao, huulizwa jamaa zake wako wapi, na hawajui. Akisema yeye ni Mswahili, wako Waswahili watakaomtazama kwa jicho la pembeni. Akisema ni Mmisheni, kama walivyokuwa wakiitwa wazazi wake, kijana wa leo hamwelewi. Kwa hiyo wengi hujibu kwa kutaja kijiji: "Mimi ni wa Freretown." Ndiyo sababu uwanja wa kijiji, kanisa na makaburi ni mambo makubwa kwao kuliko bei iliyoandikwa na dalali. Mtu mwingine akiuza kiwanja chake Mombasa, bado ana kwao. Wao hapa ndipo kwao.

Siku ya Jumapili kanisa la Emmanuel hujaa. Ibada husomwa kwa Kiswahili, na nusu ya waimbaji au zaidi ni wageni waliokuja kutoka bara kwa ajili ya kazi, Wataita, Wakamba, Waluo na Wakikuyu, ambao pengine babu zao walifundishwa kusoma na walimu waliotoka hapa. Jamaa za zamani huketi kati yao, kila mmoja mahali alipokuwa akiketi mama yake. Ibada ikiisha, watu husimama kidogo kivulini na kupeana habari za wagonjwa na za harusi. Kisha waendao upande wa Kisauni huteremka mpaka Kengeleni, wakangoja ukingoni mwa barabara ya Malindi wakiwashika watoto mkono, kwa maana magari hayapunguzi mwendo.